Mwale wa ioni si desa

Jumatano, saa tano usiku. Hosteli.



Najua nimekuwa kimya wiki tatu nzima. Wengine mmenitumia meseji mkiuliza kama nimedisko. Sijadisko, nipo. Nilikuwa naandaa semina ya mwaka wa tatu, na jana nimeiwasilisha. Kwa hiyo leo hakuna habari za foleni ya kantini wala za bumu. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya fizikia. Anayetafuta umbea apite tu, arudi wikiendi. Anayebaki avute kiti, maana ni ndefu.

Semina yangu ilihusu kutumia miale ya ioni kuiga uharibifu ambao mionzi hufanya kwenye vyuma vya vinu vya nyuklia. Dakika kumi za kuongea, dakika tano za maswali. Nikaongea, slaidi zikaenda, projekta haikuzima hata mara moja (muujiza). Nikamaliza nikiwa najisikia Dokta kabisa. Ndipo kaka mmoja wa uhandisi, mwaka wa nne, akanyoosha mkono.

"Dada, hizo ioni zako zinaingia kwenye chuma mikroni moja, mbili. Ukuta wa tangi la kinu una unene wa sentimita ishirini. Sasa huko si ndio kudesa? Pepa lenyewe limewashinda, mnatafuta majibu ya mkato."

Darasa likaangua kicheko. Na mimi kwa mshtuko nikacheka, eti nisionekane nimeumia. Mhadhiri wetu akamalizia kwa upole kabisa, "Haraka haraka haina baraka, binti yangu," akaita anayefuata. Nikaenda kukaa.

Rumeti wangu anasema niachane nayo, alama nimepata. Siwezi. Maana kauli ile haikuwa ya kaka yule peke yake. Nimeisikia kwa watu wengi wanaojua kidogo, na hata kwa wachache wanaojua sana: kwamba kipimo cha kweli ni nyutroni ndani ya kinu, na vingine vyote ni maigizo. Mimi nasema hapana. Na kabla sijasema hapana kwa kirefu, nikiri jambo moja. Slaidi yangu namba tisa ilikuwa inaitwa "Udhaifu wa njia hii". Niliifuta usiku wa kuamkia semina. Nilijiambia ni sababu ya muda. Ukweli ni kwamba niliogopa itanishushia hoja. Nitarudi hapo, maana ndipo lilipo kosa lenyewe, na kosa ni langu.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini, kwa faida ya marafiki zangu wa sheria na sosholojia ambao najua mnasoma hapa kwa kunionea huruma.

Fikiria daladala iliyopangwa vizuri, watu wote wamekaa, hakuna aliyesimama. Ndivyo chuma kilivyo ndani yake: kila atomi ina kiti chake, mistari imenyooka. Sasa nyutroni inatoka kwenye fito za urani kwa kasi kubwa, inamgonga abiria mmoja. Anang'oka kitini, anawaangukia wenzake, nao wanang'oka, nao wanaangukia wengine. Ghafla viti kibao vimebaki wazi na watu kibao wamebanwa njiani. Wengi wanarudi kukaa mara moja, si lazima kwenye viti vyao vya mwanzo. Wachache hawarudi. Viti vitupu vinavyobaki huhama, maana jirani akisogea kwenye kiti kitupu anaacha chake, na vikikutana vingi mahali pamoja vinafanya kitundu. Waliobanwa njiani nao hujikusanya kivyao. Ukiendelea hivyo miaka na miaka, chuma kinakuwa kigumu, kinavimba, na kinakuwa chepesi kuvunjika.

Wataalamu wana kipimo chao cha mateso hayo, kinaitwa dpa. Ukiambiwa chuma kimepata dpa 100, maana yake kwa hesabu kila atomi imeng'olewa kitini mara mia moja, kwa wastani. Si atomi mia katika milioni. Kila moja, mara mia. Na chuma bado kimesimama, kinabeba mzigo. Hapo ndipo mimi niliipenda fani hii, mniwie radhi.

Sasa njia ya ioni. Badala ya kungoja nyutroni, unachukua atomi, tuseme za chuma chenyewe, unazivua elektroni kadhaa ili ziwe na chaji, unazisukuma kwa mashine ya volti milioni kadhaa iitwayo akselereta, halafu unazimwaga juu ya kipande kidogo cha chuma kilichopashwa moto. Kila ioni inaingia kama kundi la mashabiki wa Simba wametoka uwanjani wamefungwa. Vurugu tupu. Viti vinang'oka kwa kasi ambayo kinu hakiwezi kuifikia.

Kasi gani? Tupige hesabu hapa hapa, ni ya darasa la saba. Tuseme unataka dpa 100. Vyuma vilivyo karibu na kiini cha kinu cha kawaida cha kupozwa kwa maji hupata takribani dpa 0.0000001 kwa sekunde. Kwa mwendo huo unahitaji sekunde bilioni moja, yaani karibu miaka 32. Kwenye kinu cha nyutroni za kasi ni mara kumi ya hapo, kwa hiyo miaka mitatu na kidogo, kama kinu hakizimwi hata siku moja. Kwa mwale wa ioni unaotoa dpa 0.001 kwa sekunde, ni sekunde laki moja. Gawanya kwa 3600. Saa 28. Unaanza Jumatatu asubuhi baada ya chai, Jumanne mchana umemaliza, unaenda kula.

Na kipande chako hakijawa cha mionzi. Ioni za chuma za nguvu ile hazina uwezo wa kuingia kwenye kiini cha atomi na kukibadilisha, kwa hiyo unakishika kwa mkono, unakipeleka kwenye darubini ya elektroni. Kile kilichokaa kwenye kinu hakishikiki. Kinahitaji chumba chenye kuta nene, vioo vya risasi na mikono ya mitambo, na kibali juu ya kibali.

Kaka yangu wa uhandisi anasema hiyo ni njia ya mkato. Sawa. Ila mkato wa kwenda wapi? Hebu tuangalie historia kidogo, maana wengine wanadhani jambo hili limebuniwa na vijana wasiopenda kusubiri.

Mapema kabisa, wakati wa vita kuu ya pili, Eugene Wigner alishaonya kwamba nyutroni zingehamisha atomi ndani ya grafiti ya vinu vya kwanza, na nishati ingejilimbikiza humo. Oktoba 1957 huko Windscale, Uingereza, waendeshaji walikuwa wanakipasha moto kinu makusudi ili nishati hiyo itoke, na kinu kikashika moto. Miaka kumi baadaye, 1967, watafiti wawili, Cawthorne na Fulton, walichukua chuma cha pua kilichokaa kwenye kinu cha Dounreay kule Scotland, wakakiangalia kwa darubini ya elektroni. Kilikuwa kimejaa vitundu vidogo sana. Chuma kilikuwa kinavimba kutoka ndani, jambo ambalo wabunifu wa vinu vya kasi hawakuwa wameliweka kwenye hesabu zao. Baadaye ilionekana baadhi ya vyuma vikipigwa vya kutosha vinaweza kuvimba zaidi ya asilimia 30. Fikiria bomba lililobanwa katikati ya mabomba mengine, linanenepa theluthi moja.

Watu wakafanya nini? Kungoja miaka mitatu kwa kila aina ya chuma? Kufikia 1970 Nelson, Mazey na Hudson pale Harwell walikuwa wameshachapisha kazi ya kutumia akselereta kuiga vitundu vile vile. Elfu moja mia tisa sabini, jamani. Wazazi wa wengi wetu hapa walikuwa hawajaanza shule. Kwa hiyo tusiambiane kwamba haya ni mambo ya kizazi cha kubofya.

Na ukiniambia "haraka haraka haina baraka", na mimi nina methali yangu: chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kinu cha FFTF kule Hanford, Marekani, kilichojengwa kwa kazi hii hasa, kilisimamishwa 1992. EBR-II kilizimwa 1994. Halden cha Norway, kilichohudumia nchi nyingi kwa miaka mingi, kilifungwa rasmi 2018. Wamarekani walipanga kinu kipya cha majaribio ya nyutroni za kasi, na 2022 Bunge lao halikukipa hela. Anayesema "nenda kwenye kinu" aniambie kipi, foleni ina miaka mingapi, na nani analipa.

Lakini hoja yangu kubwa siyo uhaba. Uhaba haufanyi kitu kibovu kiwe kizuri. Hoja yangu ni hii: hata hicho mnachokiita kipimo cha kweli nacho ni kuiga.

Chukua tangi lenyewe la sentimita ishirini alilonipiga nalo kaka. Wanajuaje kama bado ni imara? Tangu kinu kinaanza, wanaweka ndani vipande vya chuma kile kile kwenye vikasha, halafu kila baada ya miaka kadhaa wanatoa kikasha kimoja na kukivunja vunja maabara. Vikasha hivyo vinakaa wapi? Kati ya kiini na ukuta, karibu zaidi na kiini kuliko ukuta wenyewe, ili vipigwe kwa kasi kubwa kuliko tangi na vitoe habari ya miaka ijayo. Yaani wameharakisha! Hakuna anayeita hiyo desa. Inaitwa usalama.

Au chukua wanaotaka kujua vyuma vya ndani vya kinu cha maji vitakuwaje baada ya miaka 60 au 80. Wengi wametumia vipande vilivyopigwa kwenye kinu cha nyutroni za kasi, kama BOR-60 cha Urusi. Kasi siyo ile, nguvu za nyutroni siyo zile, hata kiasi cha gesi kinachozaliwa ndani ya chuma siyo kile. Lakini kwa kuwa ni nyutroni, watu wanatikisa kichwa wanasema "hii ndiyo data". Mimi nauliza, kuna tofauti gani ya kimsingi? Wote tunaharakisha. Wote tunabadilisha kitu kimoja au viwili ili tuone mapema. Tofauti ni nani ameandika wazi alichobadilisha na nani hajaandika.

Hapo sasa ndipo naingia kwenye slaidi namba tisa. Naiandika hapa yote, kama ilivyotakiwa kuwa jana.

Kwanza, kina. Kaka alisema kweli. Ioni ya chuma ya nguvu ya MeV 5 inasimama kabla ya mikroni mbili. Protoni za MeV 2 zinafika kama mikroni 20. Unywele wako una kama mikroni 70. Kwa hiyo huwezi kuchukua kipande cha ioni ukakivuta mpaka kikatike, ukasema umepima nguvu ya bomba. Unachosoma ni kilichotokea ndani: vitundu vingapi, vikubwa kiasi gani, atomi zipi zimekimbilia wapi. Ugumu wa tabaka lile unaupima kwa kusindika ncha ndogo sana ya almasi.

Pili, ioni yenyewe haiondoki. Nyutroni inapita zake, ila ioni inaishia ndani ya chuma, ni abiria wa ziada ambaye hakuwa kwenye hesabu, na anakalia kiti kitupu. Pale zinapoishia, vitundu vinapungua kwa uongo. Ukipima mahali pale pale utasema chuma chako ni shujaa, kumbe umekipendelea.

Tatu, kasi. Ukijaza daladala taratibu, watu wanapata muda wa kusogea. Ukiwasukuma wote kwa dakika moja, lazima konda apige kelele, "Songeni nyuma!" Kwenye chuma, konda ni joto. Kwa kuwa viti vinang'oka mara elfu kwa kasi, unapandisha joto ili atomi nazo zisogee haraka, zikaribie kufanya ambacho zingefanya kwenye kinu. L. K. Mansur aliwapa watu hesabu ya kupandisha joto hilo, lakini huwezi kurekebisha kila kitu kwa namba moja. Ukirekebisha kwa ajili ya vitundu, inawezekana kitu kingine kimeachwa nyuma.

Nne, gesi. Ndani ya kinu, nyutroni zinabadilisha baadhi ya atomi za nikeli na boroni, na heliamu inazaliwa humo humo. Heliamu inapenda kuingia kwenye viti vitupu na kuvisaidia kuwa vitundu. Mwale mmoja wa ioni hauna hiyo. Ndiyo maana Saclay, Ufaransa, kwenye maabara ya JANNuS, wana akselereta tatu, Japet, Épiméthée na Pandore, zinazoweza kupiga kipande kimoja kwa wakati mmoja. Moja inavunja, nyingine zinaingiza gesi.

Tano, uchafu. Hii ndiyo naipenda, maana inaonyesha watu waaminifu wanavyofanya kazi. Miaka ya 2010 ilibainika kwamba mwale ulikuwa unaingiza kaboni kwenye vipande, kutoka kwenye mabaki machache ya gesi yaliyokuwa kwenye mashine yenyewe, na kaboni hiyo ilikuwa inapunguza uvimbe. Nani aliwakamata? Walijikamata wenyewe. Watu wa maabara za ioni, zikiwemo za Texas A&M na Michigan, walipima kaboni, wakaiandika, wakatafuta namna ya kuidhibiti. Anayedesa haandiki barua kwa mwalimu kusema amedesa wapi.

Sasa mwenye haki aniulize: pamoja na kasoro zote tano, mwale wa ioni umewahi kufaulu pepa lolote? Umewahi, na pepa lenyewe lilisahihishwa kwa majibu ya kinu.

Kuna chuma kinaitwa HT9, chenye kromu kama asilimia 12. Kasha moja la fito za urani lililotengenezwa kwa chuma hicho lilikaa ndani ya FFTF mpaka likafikisha dpa 155, kwenye nyuzi 443 za Selsiasi. Gary Was na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichukua HT9 ya toleo lile lile, iliyoyeyushwa pamoja. Wakaingiza heliamu kidogo mno, atomi moja kwa kila atomi milioni. Wakapandisha joto mpaka nyuzi 460, wakapiga kwa ioni za chuma za MeV 5 mpaka dpa 188. Kisha wakaweka vipande viwili, cha kinu na cha ioni, chini ya darubini. Madhara ya aina zile zile yalijitokeza: vitundu, mizingo ya atomi zilizobanwa, chembe ndogo zilizojitenga. Ukubwa na idadi vilikaribiana. Si kufanana kama mapacha, hapana. Kama ndugu wa tumbo moja. Kazi hiyo ilichapishwa 2014 kwenye jarida la Scripta Materialia.

Na msiniambie "mbona 188 siyo 155, na 460 siyo 443". Hayo ndiyo marekebisho niliyoyasema, yameandikwa mbele ya kila mtu. Dpa yenyewe haipimwi kwa mizani, inakokotolewa. Walichofanya ni kuonyesha kwamba ukijua unabadilisha nini na kwa nini, unaweza kufika karibu sana na mahali ambapo kinu kilifika kwa miaka.

Lakini angalieni tena. Bila lile kasha la Hanford, hakuna ambaye angejua kama nyuzi 460 ni sahihi. Ioni zilihitaji kinu kizisahihishie. Kwa hiyo na mimi nina maneno kwa upande wangu mwenyewe. Wapo wanaochukua namba ya dpa 200 iliyopatikana wikiendi moja wakaipeperusha kama cheti, kwamba chuma chao kiko tayari kwa kinu cha kesho. Hao ndio wanaotuletea kicheko darasani. Mwale wa ioni unaweza kukuambia katika vyuma ishirini, hivi kumi na tano ni vibovu, usivipotezee muda. Unaweza kukuambia kwa nini kimoja kinavimba na kingine hakivimbi. Hauwezi peke yake kusaini kwamba bomba litadumu. Anayeuza hivyo anauza mbuzi kwenye gunia, na mimi jana, kwa kufuta slaidi namba tisa, nilikuwa mmoja wao. Hiyo ndiyo iliyoniuma usiku kucha, wala si kicheko.

Kwa nini nalivalia njuga jambo la Marekani na Ufaransa wakati Tanzania hatuna kinu hata kimoja cha utafiti? Kwa sababu hiyo hiyo. Ukisema sayansi ya kweli ni ya nyutroni tu, umeshasema nani anaruhusiwa kuuliza maswali: wenye vinu, wenye vyumba vya kuta nene. Sisi wengine tukariri. Akselereta ni ghali nayo, sikatai, lakini iko karibu zaidi. Afrika Kusini wana iThemba LABS. Kipande ambacho hakina mionzi kinaweza kusafiri, kinaweza kushikwa na mwanafunzi, kinaweza hata kuharibiwa na mwanafunzi akaambiwa arudie. Hivyo ndivyo watu wanavyojifunza.

Na Afrika Kusini hiyo hiyo ina Koeberg, karibu na Cape Town. Kinu namba 1 pale kilianza kutoa umeme 1984. Julai 2024 mdhibiti wao alikiongezea miaka 20, mpaka 2044. Sasa chuma kilichomo ndani kitakuwaje kikifikisha miaka 60? Hakuna kipande popote duniani kilichokaa mahali pale pale, kwa joto lile lile, kwa miaka hiyo 60, ambacho tunaweza kwenda kukitazama leo. Hakipo. Kila jibu utakalopewa, la vikasha, la kinu kingine, la kompyuta au la ioni, ni la kuiga. Anayekataa kuiga hajachagua ukweli. Amechagua kungoja mpaka 2044 ndipo aangalie, na wanaoishi jirani nao wangoje naye.

Kwa hiyo kaka yangu, kama unasoma (najua rumeti wangu atakutumia linki, hana siri yule), jibu ambalo nilitakiwa kukupa jana ni hili. Ukuta wa sentimita ishirini siyo mahali ambapo ioni zinatumika zaidi. Uko mbali na kiini, na maisha yake yote hupata chini ya dpa moja. Una vikasha vyake. Ioni zina kazi kubwa zaidi huko ndani, kwenye makasha na vyuma vinavyopata makumi ya dpa, na zaidi kwa vinu vya aina mpya. Huko hazipimi unene. Zinapima kinachotokea kwenye viti vya daladala, na viti ni vile vile kwenye mikroni moja na kwenye sentimita ishirini. Swali lako lilikuwa zuri. Neno lako "kudesa" ndilo nalikataa. Anayedesa anaficha kwamba jibu si lake. Anayeiga kwa uaminifu anaandika juu kabisa ya karatasi: hii ni ya kuiga, na hapa, hapa na hapa haifanani.

Leo mchana nimeenda ofisini kwa mhadhiri. Nimeomba nitumie mada hii kwa projekti ya mwaka huu: kukokotoa kina na dozi za ioni kwenye chuma, na kulinganisha na zilizochapishwa za kinu. Ni ya kompyuta tu, haihitaji akselereta. Amenitazama juu ya miwani, akauliza, "Na udhaifu wake utauweka wapi?" Nikamwambia ukurasa wa kwanza. Akasema niandike kurasa mbili nimletee Ijumaa.

Basi nipo kimbwetani kesho kuanzia saa mbili asubuhi, mwenye kujua kutumia programu ya SRIM vizuri aje, chai juu yangu. Na mwenye kupinga aje pia, ila aje na namba.

Usiku mwema wadau.